Kuungua bila kuhisi: Siringomielia kwa watu wazima na tiba yake ya upasuaji

MPIKAJI wa viazi karai katika kibanda cha Ziwa la Ng'ombe hujifunza mapema kujihadhari na mafuta. Tone likimrukia kiganjani, mkono hurudi wenyewe kabla hata akili haijatambua kilichotokea. Sasa mfikirie mpikaji ambaye tone hilo humwangukia asishtuke, akaendelea kugeuza viazi vyake, hadi mtoto wa jirani aliyekuja kununua amwambie: "Mama, mkono wako waungua!"

Mtu kama huyo aghalabu huchekwa kwanza, kisha husifiwa kwamba ana mikono migumu. Malengelenge yakizidi, na vidole vikaanza kukonda na kuangusha vitu, minong'ono hubadilika. Wapo watakaosema ni ukoma. Wapo watakaosema amerogwa na mshindani wake wa biashara.

Yamkini si hili wala lile. Miongoni mwa maradhi yanayoweza kumpokonya mtu mzima hisia ya moto, huku akiendelea kuhisi mguso wa kawaida, ni siringomielia: uwazi uliojaa maji unaochimbika katikati ya ugwe wa neva, ule unaopita ndani ya uti wa mgongo. Kwa watu wazima, hali hii mara nyingi huandamana na hitilafu nyingine ya maumbile iitwayo kasoro ya Chiari, jina linalotamkwa Kiari.

Maradhi haya si ya kila siku, na mhudumu wa zahanati huenda akafanya kazi miaka mingi asikutane nayo. Hata hivyo yanastahili kufahamika kwa sababu moja kubwa. Upasuaji una uwezo mzuri wa kuyasimamisha, ilhali uwezo wake wa kurudisha kilichokwisha kupotea ni mdogo. Muda unaopita kati ya kuungua kwa mara ya kwanza na siku ya kuonana na daktari mpasuaji ndio unaoamua kwa kiasi kikubwa ikiwa mpikaji yule atabaki na mikono yenye nguvu.

Kizibo shingoni

Jina siringomielia lilianza kutumiwa na daktari Mfaransa, Ollivier d'Angers, mnamo mwaka 1827. Aliliunda kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja likiwa na maana ya bomba au filimbi ya mwanzi, na la pili uboho. Naye Hans Chiari alikuwa mtaalamu wa patholojia kutoka Austria aliyefanya kazi mjini Prague. Katika maandishi yake ya mwaka 1891 na 1896 alieleza namna sehemu ya chini ya ubongo inavyoweza kushuka na kuingia shingoni.

Ili kuelewa uhusiano wa mambo haya mawili, ni lazima kwanza kuyafahamu maji ya ubongo. Ubongo na ugwe wa neva huelea ndani ya kiowevu maangavu ambacho kwa mtu mzima hakizidi sana mililita 150 kwa wakati mmoja, ingawa mwili hutengeneza takriban nusu lita kila siku na kukifyonza tena. Kila moyo unapopiga, sehemu ya kiowevu hiki husukumwa kutoka kichwani kwenda shingoni, kisha hurudi. Njia yake ni tundu kubwa lililo chini ya fuvu.

Katika kasoro ya Chiari ya aina ya kwanza, ambayo ndiyo ya watu wazima, ncha mbili za chini za ubongo mdogo, yaani sehemu ya nyuma ya ubongo inayosimamia mizani ya mwili, huwa zimeteremka na kujikita katika tundu hilo. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni milimita 5 au zaidi chini ya ukingo wa fuvu. Mara nyingi chanzo ni kwamba chumba cha nyuma cha fuvu kilikua kidogo kuliko kawaida tangu utotoni, hivyo ubongo ukakosa nafasi.

Ncha hizo basi huwa kama kizibo kwenye mdomo wa chupa. Maji hayapiti vizuri. Mwaka 1994 Edward Oldfield na wenzake nchini Marekani walieleza kwamba kizibo hicho hakitulii. Kila moyo ukipiga kinashindiliwa chini, mfano wa mti wa pampu ya baiskeli, na shinikizo hilo hupenyeza maji ndani ya ugwe wenyewe. Zipo nadharia nyingine, na mjadala haujafungwa, lakini zote zinakubaliana kwamba njia ya maji ikizibuliwa, uwazi ulio ndani ya ugwe kwa kawaida hupungua.

Na kwa nini moto usihisiwe ilhali mguso unahisiwa? Habari za maumivu na za joto na baridi, zinapoingia katika ugwe, huvuka katikati kutoka upande mmoja hadi mwingine. Habari za mguso hupanda kwa nyuma bila kuvuka hapo. Uwazi wa maji unapopanuka katikati huanza kukata vile vivuko. Ndiyo maana mgonjwa huweza kuihisi sarafu kiganjani na kujua ni ya shilingi 10 au 20, lakini asijue kama sufuria aliyoishika imetoka jikoni au kabatini.

Dalili zinazopaswa kutiliwa maanani

Ganzi hiyo hutanda mabegani, mikononi na sehemu ya juu ya mgongo, kama leso mwanamke anavyoitupia mabegani. Mbali na makovu ya kuungua yasiyo na kumbukumbu ya maumivu, mgonjwa huweza kupata majeraha vidoleni asijue aliyapata wapi.

Misuli midogo ya kiganja hukonda. Kufunga kifungo cha shati, kushona, kusuka nywele au kuhesabu noti huwa kazi ngumu. Maradhi yakiendelea miguu hukakamaa, mwendo huwa mzito, na haja ndogo huweza kusumbua. Wengine hupinda mgongo, na wachache hupata bega lililovimba na kulegea ambalo, ajabu ni kwamba, haliumi inavyotarajiwa.

Kasoro ya Chiari nayo ina dalili yake mahususi: maumivu ya kisogoni yanayochomoza pale mtu anapokohoa, kupiga chafya, kucheka sana, kujikamua chooni au kuinua mzigo. Huja ghafla na kupoa baada ya muda mfupi. Mwanamke anayejitwika mtungi wa lita 20, au msukuma mkokoteni anayepandisha shehena kuelekea soko la Kongowea, anaweza kuyazoea maumivu hayo kwa miaka akidhani ni uchovu wa kazi. Kazi haisababishi kasoro hii, lakini huidhihirisha. Kadhalika huweza kutokea kizunguzungu, sauti kukwaruza, chakula kukwama kooni, na pumzi kukatika usingizini.

Dalili nyingi kati ya hizi hujitokeza mtu akiwa na umri wa kati ya miaka 20 na 50, yaani katika miaka ya kutafuta riziki.

Si ukoma, ingawa unafanana nao

Kuchanganya maradhi haya na ukoma si kosa la wajinga. Hata vitabu vya tiba huwaonya madaktari kuhusu mfanano huo, na katika ukanda wa Pwani ya Kenya, ambako ukoma haujatoweka kabisa, mkono wenye ganzi na makovu humfanya mtu aufikirie ukoma kwanza.

Tofauti zipo. Ukoma huacha mabaka ya ngozi yaliyopauka au mekundu, ganzi yake hufuata mabaka hayo au neva fulani, mguso wenyewe pia hupotea, na neva zilizovimba huweza kupapaswa chini ya ngozi, hasa nyuma ya kiwiko. Katika siringomielia ngozi haina baka, na mguso hubaki. Daktari makini huweza kulibaini hilo kwa pamba, pini, na vichupa viwili vya maji, kimoja cha moto na kingine cha baridi. Uchunguzi huo hauchukui muda wala hauhitaji mtambo.

Ukoma pia una dawa na hupona, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kujificha kwa hofu ya jina hilo. Kisukari, ukosefu wa vitamini B12, kuchakaa kwa mifupa ya shingo na kubanwa kwa neva kifundoni mwa mkono huleta ganzi pia, na ni mambo ya kawaida zaidi kuliko siringomielia. Ikumbukwe vilevile kwamba uwazi wa maji ndani ya ugwe huweza kusababishwa na ajali iliyoumiza uti wa mgongo, uvimbe, au makovu ya homa ya uti wa mgongo na kifua kikuu. Tiba ya hao si hii inayoelezwa hapa.

Kwa mkazi wa Ziwa la Ng'ombe safari ya tiba huanzia zahanati ya mtaani, kisha huvuka daraja la Nyali hadi Hospitali Kuu ya Pwani, wenyeji wanayoiita Makadara, ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya ukanda mzima. Kipimo kinachothibitisha maradhi ni picha ya MRI ya kichwa na uti wa mgongo. Picha ya eksirei haiwezi kuuonyesha uwazi huo, na ile ya CT huonyesha mifupa vizuri lakini si ugwe. Mtu asitumie akiba yake yote kwa picha zisizojibu swali.

Jambo moja la kuzingatiwa: kuchomwa sindano ya kutoa maji mgongoni, kabla ya kujulikana kama kisogoni pamezibwa, kunaweza kuushusha ubongo zaidi na kuleta madhara makubwa.

Si kila mwenye kasoro hupasuliwa

Picha za MRI zilipoenea, iligunduliwa kwamba takriban mtu 1 katika kila watu 100 wanaopigwa picha ya kichwa ana ncha za ubongo zilizoteremka, na wengi wao hawana shida yoyote. Mtu wa aina hiyo hahitaji kisu. Hufuatiliwa tu.

Upasuaji hupendekezwa pale maumivu ya kisogoni ya kukohoa yanapomharibia mtu maisha, au pale kunapokuwa na uwazi wa maji ulioambatana na ganzi, udhaifu au mgongo kupinda. Hakuna kidonge kinachoupunguza uwazi huo. Dawa kama gabapentini na pregabalini hutuliza maumivu ya neva, lakini hazizibui chochote.

Upasuaji wenyewe

Tiba kuu ni kupanua nafasi ya kisogo. Mgonjwa hulazwa usingizi kamili, kisha hugeuzwa kifudifudi na kichwa chake kushikiliwa imara. Daktari hupasua ngozi katikati, kutoka kisogoni hadi juu ya shingo, na kutenganisha misuli. Huondoa kipande cha mfupa wa fuvu kwenye ukingo wa lile tundu, chenye upana wa takriban sentimita 3, pamoja na upinde wa nyuma wa pingili ya kwanza ya shingo. Mfupa huo haurudishwi. Misuli minene ya shingo hubaki kuwa kinga.

Chini ya mfupa kuna utando mgumu unaoufunika ubongo, na hapa ndipo madaktari wanapotofautiana. Baadhi huishia kwenye mfupa, bila kuufungua utando. Wengine huufungua, kisha hushonea kiraka ili kuupanua, mithili ya fundi anayeongeza kipande cha kitambaa katika kanzu iliyobana. Kuufungua utando hutoa uhakika zaidi kwamba uwazi wa maji utapungua, na ndiyo njia ambayo wengi huipendelea kwa mtu mzima mwenye siringomielia. Lakini ina gharama yake: maji ya ubongo huweza kuvuja, kujikusanya chini ya ngozi, au kuleta homa ya uti wa mgongo.

Kiraka huweza kuwa cha kutengenezwa kiwandani au kinachotokana na utando unaofunika moyo wa ng'ombe. Huweza pia kukatwa kutoka kwenye tabaka laini linalofunika fuvu la mgonjwa mwenyewe. Hicho cha mwisho hakina bei, na mwili haukikatai. Katika nchi ambako familia ya mgonjwa huombwa kununua baadhi ya vifaa, hilo si jambo dogo, na mgonjwa ana haki ya kuliuliza.

Utando ukishafunguliwa, baadhi ya wapasuaji huzisinyaza zile ncha za ubongo kwa umeme mdogo ili njia ya maji iwe wazi. Shughuli nzima huchukua saa kadhaa.

Zamani madaktari waliutoboa uwazi wenyewe na kuuwekea mrija wa kutoa maji. Mirija hiyo huziba, na kuichomeka ndani ya ugwe kunaweza kuujeruhi, kwa hivyo leo ni njia ya akiba pale upanuzi wa kisogo unaposhindwa. Na ikiwa mgonjwa ana maji mengi yaliyojikusanya kichwani, hayo hushughulikiwa kwanza.

Wapo pia wagonjwa ambao maungio ya fuvu na shingo yao hayako imara. Hao huhitaji kufungwa vyuma. Atul Goel, mpasuaji mashuhuri wa Mumbai, alikwenda mbali zaidi mwaka 2015 kwa kupendekeza kwamba kulegea kwa pingili mbili za kwanza za shingo ndiko chanzo cha kasoro ya Chiari, na kwamba vyuma ndivyo tiba hata bila kuondoa mfupa. Wapasuaji wengi ulimwenguni hawajakubaliana naye. Tunalitaja kwa kuwa Wakenya wengi husafiri India kutafuta matibabu, na mgonjwa anaweza kujikuta na ushauri mmoja hapa na mwingine kabisa huko. Vyuma hupunguza uwezo wa kugeuza shingo maisha yote. Ni busara kuuliza ni ushahidi gani katika picha zake mwenyewe unaoonyesha kwamba shingo imelegea.

Nchini Kenya upasuaji wa ubongo una historia ya zaidi ya nusu karne. Mtaliano Renato Ruberti aliuanzisha kama taaluma kamili jijini Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1960, na Gerishom Sande, aliyepata mafunzo yake Belfast, akawa Mkenya wa kwanza mzalendo kuufanya. Hadi leo kesi nyingi nzito hupelekwa Nairobi, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na hospitali nyingine kubwa, au Kijabe.

Kuhusu malipo, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Asiye na ajira rasmi hupimwa mapato ya jamaa yake, kiwango cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi. Mgonjwa ajisajili kabla ya rufaa, si baada yake, na aiombe hospitali imwandikie ni kiasi gani cha upasuaji kitalipiwa na kipi kitabaki juu yake.

Kinachorudi na kisichorudi

Maumivu ya kisogoni ndiyo huondoka kwa urahisi zaidi. Wengi hupata nafuu katika wiki za kwanza. Uwazi wa maji nao hupungua kwa wagonjwa wengi, ingawa huweza kuchukua miezi. Udhaifu wa hivi karibuni huweza kupona kwa sehemu. Lakini misuli ya kiganja iliyokwisha kukonda hairudi kama zamani, na ganzi ya moto mara nyingi hubaki hata baada ya picha kuonyesha ugwe uliotulia. Daktari anayemwahidi mgonjwa vinginevyo hamtendei haki. Mgonjwa aliyeelezwa mapema kwamba lengo ni kuzuia hali isizidi hulipokea jambo hili kwa utulivu kuliko yule aliyetarajia mikono mipya.

Mpikaji wetu, basi, atarudi kwenye karai lake akiwa na mikono ileile isiyojua moto. Itambidi macho yake yafanye kazi ya ngozi. Atumie kijiko kirefu cha mpini wa mti, ashike sufuria kwa kitambaa kinene hata inapoonekana imepoa, na maji ya kuoga ampe mtu mwingine ayapime. Kila jioni aikague mikono yake mwangani. Kidonda kidogo kisichouma huoza bila kelele.

Walioathirika zaidi wasidhani kwamba maisha yamekwisha. Hapo jirani, kwenye barabara ya Malindi, karakana za Bombolulu zilianzishwa mwaka 1969 chini ya chama cha walemavu wa viungo nchini, na zimewapa kazi ya ufundi wa vito, nguo na mbao watu ambao jamii ilikuwa imewaweka kando.

Baada ya upasuaji mgonjwa hulazwa siku kadhaa, na shingo huuma kwa wiki mbili hivi. Kubeba maji, kusukuma mkokoteni na kuinua watoto huahirishwa kwa mwezi mmoja na nusu au zaidi, kwa kadiri daktari atakavyosema. Maji maangavu yakitiririka kutoka kwenye mshono, kisogo kikivimba, au homa ikija pamoja na shingo kukakamaa, arudi hospitali siku hiyohiyo, usiku kwa mchana.

Kinyozi anayemalizia kazi kwa kuizungusha shingo ya mteja hadi ialike aambiwe akome. Mkandaji naye asiiguse shingo hiyo. Mwanamke mwenye kasoro hii akipata ujauzito, awajulishe wakunga na mtaalamu wa dawa za usingizi mapema, kabla ya uchungu kuanza, kwa sababu sindano ya ganzi ya mgongoni na kusukuma kwa nguvu ni mambo yanayohitaji kuamuliwa kwa kuitazama picha yake.

Picha ya MRI hurudiwa baada ya miezi mitatu hadi sita, halafu kwa vipindi virefu zaidi. Bahasha ya picha za kwanza isitupwe wala isiachwe kwa jamaa wa Nairobi, kwani bila hiyo daktari hana cha kulinganisha.